Lafudhi ya Odeta

Walimu wa Litapunga walipoanza kumfundisha Odeta Kiswahili, walikuta redio imewatangulia. Nyumbani kwao, kama kwa majirani wengi waliotoka Burundi, Kirundi ndicho kilichotumika kusali, kugombeza na kuitia kuku. Kiswahili kilikuja kwa mawimbi, kikiwa na mikwaruzo mingi, kupitia redio kaseti ya baba yake, mzee Leonidas.

Mzee Leonidas aliipenda redio ile kwa mambo mawili: habari za jioni, na kanda ya kwaya yao ya kanisani, ambayo yeye mwenyewe aliimba besi. Betri zikichoka alizianika juu ya bati zipate joto, na ole wake atakayezigusa. Lakini Jumamosi mchana mzee alikuwa mazoezini. Hapo ndipo Arcade, kaka yake Odeta, alipofunga waya wa antena kwenye mpapai na kuanza kuzungusha kitufe polepole, sikio kalibana kwenye spika, mpaka Dar es Salaam ikaitika.

Siku ya kwanza Odeta kumsikia mtu akichana, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka, huyu anagombana na nani?"

"Hagombani. Anachana."

"Anachana nini?"

Arcade akafikiri. Neno lenyewe alikuwa amelisikia juzijuzi tu. "Mistari," akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa zaidi.

Odeta akakaa chini palepale, ugali ukaungua. Yule kijana wa redioni aliongea kama watu wanavyoongea barabarani, kuhusu foleni ya maji na mama mwenye nyumba mkali, ila kila sentensi ilitua mahali pake, kama mchi unavyotua kwenye kinu cha mtu anayejua kutwanga. Mengi hakuyaelewa. Hata hivyo jioni ile alipokwenda kisimani alijikuta anatembea kwa mwendo wa yale maneno, na ndoo haikumwagika hata tone.

Tatizo la redio ni kwamba ikishasema imesema. Arcade akapata dawa. Alichukua kanda ya kwaya, akaziba kwa karatasi vile vitundu viwili vya juu ambavyo viwandani huviacha wazi ili mtu asirekodi juu yake, akakaa na kidole juu ya kitufe akingoja wimbo uanze. Wakarekodi. Wiki nzima waliisikiliza kwa siri, wakirudisha nyuma kwa kuzungushia kanda kwenye kalamu ili betri zisiishe.

Siri ilifichuka Jumapili moja baada ya ibada. Mzee Leonidas aliwaleta nyumbani wanakwaya wenzake waje wajisikilize. Chai ikamiminwa, kanda ikawekwa, haleluya ikapanda vizuri, mzee akafumba macho kuisubiri besi yake. Badala yake akaingia kijana wa Dar es Salaam na foleni yake ya maji. Mgeni mmoja akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho wa ubeti, kisha akauliza, "Huyu ndugu anaimba sauti ya ngapi?"

Arcade alilala njaa siku ile. Odeta alisalimika kwa sababu alikuwa anacheka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumwuliza lolote.

Kanda yenyewe ilinusurika, na ndiyo iliyompa Odeta jina pale shuleni. Mtangazaji wa redio alikuwa na tabia ya kuingilia nyimbo katikati, asalimie watu wa Sinza, atangaze sabuni, kisha auachie wimbo uendelee. Odeta alikariri vyote kwa pamoja, akidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Siku ya kufunga shule akasimama mbele ya wazazi, akachana ubeti, akawasalimia watu wa Sinza wote na familia zao, akaisifu sabuni inayong'arisha bila kuumiza mikono, akarudi kwenye mistari bila kupoteza mdundo. Watu walipiga makofi zaidi kwenye sabuni.

Miaka ile redio iliwapa sauti tu. Sura ya mambo ilikuja baadaye, kilipofunguliwa kibanda cha video. Mama yao, Libérate, hakuruhusu binti yake aingie kwenye giza lile la wanaume na moshi, kwa hiyo Odeta alitegemea macho ya kaka yake. Arcade alirudi huko amebadilika mpaka mwendo.

"Kumbe kuna suruali," akamwambia dadake, kama mtu aliyegundua jambo zito. "Bila suruali kubwa hii kitu siyo yenyewe. Na kofia inageuzwa nyuma."

"Sasa jua si litakuchoma usoni?"

"Ndivyo wanavyofanya, Odeta."

Fundi Obadia, mshonaji wa pale senta, aliposikia vipimo aliuliza mara mbili kama suruali ni ya mtu mmoja. Akaishona. Arcade akaivaa kwenda nayo shambani, na kufika jioni ilikuwa imebeba mashonanguo ya kata nzima, meusi, yamejipanga kuanzia pindo hadi mfukoni. Odeta na mama yake walikaa naye mpaka giza linaingia, wakiyachomoa moja moja. Arcade alivumilia kwa ujasiri, kofia bado imegeuzwa nyuma.

Alipomaliza shule, Odeta alihamia Mpanda mjini, akaajiriwa kwenye saluni ya kusuka. Huko nako akakodi kipande cha shamba la mpunga Mwamkulu, nje kidogo ya mji. Msimu wa mpunga kukomaa alishinda huko siku za mapumziko akifukuza ndege kwa kopo lenye mawe. Kazi ile humchosha kila mtu. Yeye aliifurahia, maana ndipo mahali pekee ambapo mwanamke mzima anaweza kupiga kelele mchana kutwa na asiitwe kichaa. Mistari yake yote aliitunga pale. Aliwatukana ndege kwa vina.

Wakati huo mjini kulikuwa na redio ya FM, na redio ile ilikuwa na kipindi cha Jumamosi kilichoitwa Kona ya Mistari. Wasikilizaji walipiga simu, wakapewa mdundo, wakachana hewani. Mtangazaji wake alikuwa Alex, kijana mchangamfu aliyesomea utangazaji Dar es Salaam na kurudi na kicheko cha huko. Odeta alipiga akiwa saluni, simu kaibana kwa bega, mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja. Alipomaliza kuchana, Alex akauzima mdundo.

"Dada, wewe ni nani?"

"Odeta."

"Odeta wa wapi?"

"Wa Ritapunga."

"Njoo studio," akasema Alex. "Kesho. Usipotee."

Akaenda. Studio ya kurekodia ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri, kuta zimebandikwa trei za mayai na godoro. Alex alimkaribisha vizuri na kumsifia kwa moyo wote. Kisha akaanza kumrekebisha, naye kwa nia njema, kwa sababu alijua redio inataka nini. Wimbo usizidi dakika tatu na nusu. Lazima uwe na kiitikio cha kuimbwa, cha mapenzi ikiwezekana, ili akina mama jikoni waushike. Jina Odeta ni la kanisani mno, atakuwa Lady O.

"Halafu hiyo lafudhi," akasema. "Sema Litapunga."

"Ritapunga."

"Li."

"Ri."

Fundi mitambo akageukia ukutani ili asionekane anacheka. Odeta naye akacheka, lakini jioni alisimama mbele ya kioo cha saluni akaufundisha ulimi wake kugusa mahali ambapo haukuzoea kugusa. Alirekodi kama walivyotaka: kwa sauti nyembamba, kwa Kiswahili cha Kinondoni, kuhusu mvulana mwenye gari ambaye hakuwahi kuwapo. Wimbo ukapigwa, ukapendwa. Wateja wa saluni waliusikia hali yeye anawasuka, wakaimba kiitikio, na hakuna aliyejua kwamba mikono iliyoko kichwani mwao ni ya Lady O. Mwanzoni alilifurahia jambo hilo kama mtoto anayecheza kujificha. Siku zilivyokwenda furaha ikapungua, kama mtoto aliyejificha vizuri mno hadi wenzake wakaenda kula.

Akaomba ruhusa, akapanda basi dogo kwenda nyumbani, siku ambayo Alex aliahidi kuupiga wimbo ule mchana. Familia ikakaa sebuleni. Wimbo ukaanza. Mzee Leonidas akautikisia mguu kwa adabu.

"Huyu binti wa Dar ana pumzi," akasema.

"Baba Arcade," mama Libérate akamwambia, "ni Odeta."

"Odeta yupi?"

"Huyu hapa!"

Mzee akamtazama bintiye, akaitazama redio, akamtazama tena, kama unavyomtazama mtu aliyerudi safarini kavaa nguo za mwenzake. "Hongera," akasema mwishowe, na aliisema kwa dhati. Wote wakacheka. Odeta alicheka nao, ila aliizima redio kabla wimbo haujaisha.

Mambo yaligeuka Kibaoni. Redio iliandaa tamasha la mavuno kule, siku ya mnada, na Lady O alikuwa kwenye ratiba. Mji ulijaa: wakulima wa Mpimbwe na magunia yao, wafugaji wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe, wauza vitenge, wauza vyungu. Jukwaa lilikuwa tela la trekta. Utaratibu ulikuwa wa pleibeki, yaani wimbo unapigwa kwenye flashi, msanii anapanua mdomo na kuzunguka jukwaani.

Odeta akapanda, amevaa buti alizoazima. Flashi ikachomekwa. Wimbo ukaanza, ukaenda vizuri mpaka kwenye neno "mpenzi", ukanasa hapo. "Mpe—mpe—mpe—mpe," zikasema spika, kwa nguvu, mnada mzima. Mtu mmoja karibu na magunia akajibu, "Mpe basi anachotaka!" Watu wakaangua kicheko. Fundi akachomoa flashi. Kimya. Akaichomeka tena, safari hii ikagoma kabisa. Kipaza sauti tu ndicho kilichobaki kinafanya kazi, na nyuma yake Odeta, ameduwaa, jua la utosi.

Alex akamnong'oneza kutoka chini ya tela, "Shuka, dada. Tutasema umeme una hitilafu."

Odeta alitaka kushuka. Aliinua mguu kabisa. Wakati uleule kundi la ndege wadogo likapita juu ya uwanja kuelekea kwenye mashamba, na yeye, kwa mazoea tu, akapaza sauti ile ya Mwamkulu: "Haaaya! Ondokeni!" Kipaza sauti kikaibeba sauti hadi upande wa pili wa mnada. Wakulima wote wakaitambua. Nani kati yao hajawahi kuipiga kelele ile? Wakacheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja naye.

Mbele ya jukwaa alikuwapo Mabula, muuza madumu ya plastiki, bidhaa yake ameipanga kama ukuta. Akageuza dumu moja, akaligonga kwa viganja, du-du-pa, du-du-pa, akamwangalia Odeta kana kwamba anamwambia: haya, nimekufungulia mlango. Odeta akaingia.

*Mimi Odeta, ni wa Ritapunga,*
*ndege wananijua, nimelinda mpunga.*
*Kopo mkononi, jua limenichoma,*
*sauti imekauka, bado haijagoma.*
*Mnasema lafudhi yangu inanuka shamba,*
*mbona kwenye ubwabwa wangu vidole mnaramba?*

Hapo ndipo mnada uliporuka. Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akatupa kofia juu akasahau kuidaka. Wakamlazimisha arudie "mnaramba", na kila alipoirudia wakaisema naye, kwa r hiyohiyo, Wapimbwe na Wasukuma na Wafipa, kinywa kimoja. Alichana yote aliyowahi kuwatungia ndege. Aliingiza Kirundi katikati pale kina kilipokataa Kiswahili, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa. Mabula aliuza madumu yote siku ile, pamoja na lile lililopasuka.

Kila mwenye simu alirekodi. Video ikatoka Kibaoni kwa kurushiana simu hadi simu, ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, ya kwaya, ya wauza mahindi, ya waliosoma pamoja. Ilifika Litapunga kabla ya mwenyewe. Arcade, ambaye siku hizi alikuwa mnunuzi wa mahindi na suruali zake zilikuwa za kawaida, aliifungua uani kwa wazazi. Mzee Leonidas alikuwa ndani amejinyoosha. Akatoka anavaa kandambili.

"Odeta amefika saa ngapi?" akauliza, anaangaza huku na huku. "Mbona hajaja kunisalimia?"

Arcade akainua simu. Mzee akaisogeza karibu na uso, kisha karibu na sikio, akasikiliza mpaka mwisho. "*Ego*," akaitikia ndiyo kwa Kirundi. "Huyu ni yeye." Akaomba irudiwe. Jioni ile Arcade alimpigia dadake kumweleza, akashangaa kumsikia mtu aliyechekesha Kibaoni nzima analia kwenye simu.

Wiki iliyofuata Alex naye alipiga. Alizunguka kidogo kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Watu wanaomba ile ya Kibaoni. Ule wa mvulana mwenye gari hakuna anayeuuliza tena."

"Ile ni ya ndege, Alex. Haina hata kiitikio."

"Wana kiitikio. Wanaimba 'mnaramba'." Akacheka kicheko chake, kikaisha. "Nilikosea kukubana, dada. Njoo turekodi kama ulivyo. Na yule jamaa wa madumu, unajua anapatikana wapi?"

Ndivyo Lady O alivyostaafu. Alex alipohamia redio nyingine mbali na Katavi, alimpendekeza Odeta akishike kipindi, na mpaka leo Kona ya Mistari ni yake. Asubuhi yuko saluni, ambayo sasa ni ya kwake. Mume wake, fundi baiskeli, husema kwamba ameoa wanawake wawili, na yule wa redioni ndiye anayemsikiliza zaidi.

Siku hizi wanaokuja studio wamelelewa na simu. Wa karibuni ni Dorice, binti wa Mpanda mwenye ulimi mwepesi kama cherehani, aliyekuja na wimbo wa sekunde chache tu.

"Umeisha?" Odeta akamwuliza.

"Umeisha, anti. Zaidi ya hapo mtu ameshapitisha kidole, yuko kwa mwingine."

"Sasa hadithi inaanzia wapi?"

"Haianzi. Inatokea tu."

Odeta alitaka kumwambia habari za pumzi, za ubeti, za kumngoja msikilizaji. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Ghafla akajisikia anafanana na mtu fulani akisema "Li", akaifunga. "Iweke tena," akasema. Akaisikiliza mara kadhaa. Ilikuwa kali kweli, kama pilipili moja iliyotafunwa nzima. Akamwambia Dorice aje Jumamosi waipige hewani, ila aje na kipande cha pili, na cha tatu kama kipo, waone vikipangwa vinafanana na nini. Dorice akakunja uso, kisha akauliza kama kipande cha pili kinaweza kuhusu shangazi yake. Kikiwa na vina, akajibiwa, kinaweza kumhusu yeyote.

Jumamosi iliyopita waliketi wote wawili studio, Dorice amemaliza vipande vyake vitatu na anajipepea kwa ratiba ya matangazo, simu ikaita. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, upepo wa ziwa unavuma nyuma ya sauti yake.

"Naitwa mama Tereza, niko Karema, naanika dagaa. Hiyo hip-hop yenu mimi siijui, wanangu. Lakini nina maneno."

"Maneno kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu mume wangu. Yuko hapa pembeni, anajidai kushona nyavu. Nataka ayasikie kwenye redio, maana nyumbani hayasikii."

Dorice alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Odeta akauliza kama awekewe mdundo, mama Tereza akasema hapana, ana beseni lake. Wakasikia linagongwa, kwanza taratibu, halafu kwa uhakika, na mbali kidogo sauti ya mwanaume ikisema, "We mama Tereza, acha mambo hayo!"

Odeta akashusha muziki wa studio mpaka chini kabisa, akamfungulia laini yote.